Mita Nane za Mume Wangu

Mume wangu alinunua bunduki ya hewa mwaka wetu wa tatu Brussels, akaipandisha hadi ghorofa ya nne ameikumbatia kifuani, maana lifti ya jengo letu pale Koekelberg ilikuwa imeharibika tena. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2010. Yeye alifanya kazi katika ofisi ya ubalozi mmoja karibu na Schuman. Mimi nilikuwa mke wa mtu wa ubalozi, na kwa watu tuliokutana nao kwenye hafla, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nyumbani nilikuwa nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi. Nililitaja jambo hilo mara moja kwenye karamu, mama mmoja akanijibu, "Vizuri, basi wanao hawatahitaji tuisheni," kisha akageuka kuchukua sambusa. Sikulitaja tena.

Aliyempeleka mume wangu kwenye bunduki ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kibelgiji aliyestaafu posta. Mzee huyu alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha iliyokuwa chini ya ardhi, katika stoo ya kiwanda cha bia kilichofungwa zamani, mwendo mfupi kutoka kituo cha metro cha Simonis. Mume wangu alikwenda Jumamosi moja kutazama, akarudi ana macho ya mtu aliyeokoka. Wiki iliyofuata alikuwa na bunduki.

Mimi nilianza kumfuata kwa sababu nilichoka kukaa na dirisha lililojaa kuba la kanisa kubwa na mvua. Nilivaa sweta mbili, nikakaa kwenye benchi la nyuma na thermosi yangu. Mle ndani mlinuka unyevunyevu, kahawa na mafuta ya viazi vya kukaanga. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiflemi, yaani Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, aliyeshika funguo za klabu, mfupi, mnene, mwenye tabia ya kusema na watu kana kwamba wamemkanyaga. Siku ya pili alinijia na bunduki ya klabu, akaitia mikononi mwangu, akasema kwa Kifaransa kibovu kuliko changu, "Unakaa hapa kama mzigo. Lenga."

Nikalenga. Sikujua kwamba nitapenda. Unaegemeza kitako cha bunduki begani, unatoa pumzi nusu, na kwa muda ule mfupi hakuna anayekuuliza wewe ni mke wa nani. Baada ya miezi michache matundu yangu yalikuwa yakikaribiana kuliko ya mume wangu. Aliyaona, akasema, "Wewe una bahati."

Nieleze bunduki yenyewe, kwa kuwa ugomvi wote ulikuwa humo. Chini ya mtutu kuna mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Hewa inapita kwenye regyuleta, ndugu yake ile ya mtungi wa gesi ya kupikia, inayohakikisha kwamba hewa inayosubiri nyuma ya valvu ina msukumo uleule, mtungi uwe umejaa au umepungua. Ukivuta kifyatuo, nyundo ndogo ya chuma inayosukumwa na springi inaigonga valvu. Valvu inafunguka na kujifunga kufumba na kufumbua, hewa inapuliza, na risasi ndogo kama punje ya choroko inaondoka. Kwa nyuma kuna skrubu. Ukiikaza, springi inabanwa zaidi, nyundo inagonga kwa nguvu zaidi, valvu inakaa wazi kidogo zaidi. Ni hayo tu. Mtoto wa kidato cha pili angeelewa kabla kengele haijalia.

Bunduki ya mume wangu ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa vizuri. Ilipiga kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga kitabu, na matundu yalijikusanya mahali pamoja. Alikuwa na raha nayo. Kisha akaja Injinia.

Injinia alikuwa mwanamume wa Likasi, Katanga, mwenye fulana ya suti na saa kubwa. Kazi yake ilikuwa kununua magari yaliyotumika na kuyasafirisha kwa meli kwenda bandari ya Matadi, Kongo. Jina la Ingénieur alijipa mwenyewe, na Wakongo wenzake waliokuja naye kutoka Matonge, mtaa wao pale Brussels, walimwita Papa Ingénieur kwa heshima ambayo sikujua walikuwa wakiitoa wapi. Alisema alisoma Liège. Alisoma nini, hilo lilibadilika kufuatana na mazungumzo: ukizungumza madaraja, alisoma madaraja, ukizungumza madini, alisoma madini. Siku ambayo mtu alizungumza kuhusu meno, nilisubiri kwa hamu.

Alikuwa na imani moja, nayo ni kasi. Klabu ilikuwa na kile kimashine cha kupima mwendo wa risasi, kiboksi ambacho unapiga juu yake na namba inatokea. Wazee wa Kibelgiji walikitumia mara moja moja. Injinia alikigeuza madhabahu. Kila Jumamosi wanaume walipanga foleni mbele yake, kila mmoja na bunduki yake, na yeye akiwa na spana yake ndogo yenye umbo la herufi L aliyoivuta kutoka mfuko wa fulana kama daktari anavyovuta kipima joto.

Zamu ya mume wangu ilipofika nilikuwa nimesimama pembeni yake.

"Maman, unaona," Injinia aliniambia, ingawa bunduki haikuwa yangu, "bunduki iko sawa na muntu. Ukimunyima chakula, atafanya kazi? Hii ressort, hii springi, iko mulegevu, donc bunduki inalala."

"Mbona inapiga vizuri?" nikamuuliza.

"Inapiga, oui. Lakini na vitesse gani, mbio gani? Batu ya kiwanda banaogopaka. Banaogopa mambo ya procès, ya kesi. Sisi hatuogope." Akaingiza spana, akazungusha. Akapiga. Akazungusha tena. Akapiga. Mlio ulibadilika, ukawa kama mlango unaobamizwa. Kwenye kiboksi ikatokea namba, mia mbili arobaini na nane, naye akaitangaza kwa ukumbi mzima: "Deux cent quarante-huit! Mbele ilikuwa na quarante, arobaini tu. Huit mètres, mon frère! Nimekupa mita nane kila segonde!"

Mume wangu, mwanamume mwenye shahada mbili, alicheka kama aliyepewa kiwanja. Wanaume walimpiga mabegani. Injinia, kwa ukarimu tu, akaongeza mizunguko miwili mingine "ya akiba." Namba haikupanda tena. Nilimwonyesha mume wangu: "Tazama, amekaza zaidi na namba ni ileile." Akanijibu bila kunitazama, "Mashine imefika mwisho wake wa kupima." Kiboksi kile kingeweza kupima risasi ya jeshi.

Basi bunduki ikawa mnyama mwingine. Mtungi uliokuwa ukitosha alasiri nzima sasa uliisha kabla ya kahawa, na mume wangu akawa anatumia nusu ya Jumamosi kwenye pampu ya mkono, akipanda na kushuka, jasho likimtoka kwenye chumba ambacho wengine tulivaa makoti. Bunduki iliruka begani. Matundu yakatawanyika kwenye karatasi kama mchele uliomwagika. Alilaumu risasi, akanunua za kopo jingine. Alilaumu taa. Alilaumu miwani. Jumamosi moja alisema upepo ulikuwa mbaya, na mle chini ya ardhi hapakuwa na hata dirisha.

Nilimwambia jikoni, wakati nasonga ugali. Nilitua mwiko na kumweleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wa dawati la nyuma. "Kuna kiwango ambacho risasi imeshatoka kwenye mtutu. Baada ya hapo hewa unayoongeza haina wa kumsukuma. Inapiga kelele tu na kuitikisa bunduki. Legeza ile springi mpaka namba ianze kushuka kidogo, halafu uiache hapo. Itatulia."

"Yaani nipunguze nguvu."

"Upunguze kelele. Nguvu utapoteza kidogo sana."

"Injinia amezipanga bunduki zaidi ya kumi pale," alisema.

"Na zote kumi zinapiga ovyo."

"Wewe Injinia humpendi tu." Akavuta kiti akaanza kula. Alikuwa sahihi, sikumpenda, na mpaka leo sioni kwamba hilo lilihusika na springi.

Kilichoniuma hakikuwa springi. Mume wangu alikuwa mtu mwema, hakuwahi kuninyanyasa, na watu wengi walinionea wivu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sikuujua mpaka tulipokuja ugenini: alimwamini mwanamume yeyote mwenye koti kabla ya kuniamini mimi. Fundi wa boila, mwuza bima, mchungaji wa kanisa la kwenye gereji, wote walikuwa wanajua. Mimi nilikuwa nasema tu. Nyumbani sikuligundua kwa sababu asubuhi nilikwenda kusimama mbele ya watoto arobaini ambao walinukuu kila nililoandika ubaoni. Koekelberg hapakuwa na ubao.

Jumatano moja alipokuwa kazini niliichukua bunduki, nikaitia kwenye begi lake, nikampigia simu bibi wa Kiflemi. Alikuja kunifungulia na slipa miguuni. Nilimwambia ninachotaka kufanya, akakaa kwenye kiti kando ya kiboksi na kufuma soksi, akinisomea namba kwa sauti ya mtu anayesoma bei za samaki.

Nilianza pale alipoishia Injinia na kurudi nyuma. Nilizungusha skrubu robo mzunguko, nikapiga risasi chache, nikasikiliza namba. Mia mbili arobaini na nane. Nikalegeza robo nyingine: arobaini na nane. Nikalegeza tena na tena, na namba ikawa ileile, ila mlio ulikuwa unapungua, na sindano ya kipimo cha hewa kwenye mtungi iliacha kushuka kwa pupa. Nilikuwa nayatoa makelele ya Injinia moja baada ya jingine, na risasi haikujua tofauti. Hewa yote ile ilikuwa ikitoka nyuma yake bila kazi, kama mtu anayelipungia mkono basi lililokwisha kukata kona.

Kisha namba zikaanza kushuka. Arobaini na saba. Arobaini na tano. Nikaendelea mpaka zilipokaa kwenye arobaini, na hapo nikasimama, maana kila nilipopiga ilitoka arobaini, au arobaini na moja, haikutangatanga. Pale ndipo kiwanda kilipokuwa kimeiacha. Nikaweka karatasi mpya, nikapiga risasi tano. Zilitoboa tundu moja lenye kingo zilizochanika, ungeliziba kwa kifungo cha shati.

Niliinua karatasi nikamwonyesha bibi. Aliitazama juu ya miwani. "Ndiyo," alisema. "Sasa tuondoke, nina supu jikoni."

Ningeweza kumkumbatia. Katika muda wote niliokuwa Brussels, ile ilikuwa "ndiyo" ya kwanza niliyopewa na mtu mzima bila kuongezewa neno.

Nilimpa mume wangu karatasi Jumamosi asubuhi, mezani, kando ya chai. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeandaa maelezo mafupi, bila kumtaja Injinia, ili asione aibu.

"Ngapi?" aliuliza. Karatasi hakuitazama.

"Mia mbili arobaini."

"Ilikuwa arobaini na nane."

"Ndiyo. Lakini tazama matundu."

"Umeninyang'anya mita nane," alisema, na nilipomwangalia usoni nikaona hatanii. Alikuwa ameumia. Baadaye aliitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. "Nani alikuwa anapiga?"

"Mimi."

"Aa. Wewe una mkono mwepesi, mama watoto. Hiyo si bunduki, ni mkono."

Sijawahi kusifiwa vibaya kiasi kile. Alasiri hiyo, huko klabuni, alikwenda moja kwa moja kwa Injinia na kumwekea bunduki mezani, akinong'ona. Injinia alinitupia jicho kutoka upande wa pili wa chumba, akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu aliyeletewa mgonjwa aliyepewa dawa za kienyeji. Spana ikatoka mfukoni. Nilisikia milio ikikua, ikikua, mpaka mlango ule ulipoanza kubamizwa tena. Mimi nilikuwa nakunywa chai ya thermosi. Nilijisikia mtulivu kabisa, na utulivu ule ulinitisha. Nilimtazama mume wangu akishangilia kupewa tena kitu ambacho hakikuwepo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimdharau. Si kwa hasira. Niliona kwamba namdharau, kama unavyoona kwamba mvua imeanza.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mashindano ya kirafiki. Ilikuja klabu nyingine ya nje ya mji, Waflemi watupu, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mwanamume mrefu wa maneno machache mwenye koti la sufu. Wake za wanachama tuliombwa kupika, na sisi tulipika: chapati, sambusa, maharage ya nazi, na dada wa Lubumbashi waliokuja na Injinia walileta bukari, ugali wa kwao, na samaki. Wageni walikula mpaka wakalegeza mikanda. Kisha wakapiga.

Mume wangu alivaa tai. Mtungi wake ulimwishia katikati ya zamu yake, wageni wote wakasimama kumsubiri apige pampu. Alimaliza karibu na mkia. Bunduki zote zilizopitia mikononi mwa Injinia zilimaliza karibu na mkia, zikiwa zimekaa pamoja kwenye ubao wa matokeo kama jamaa wa familia moja. Mimi nilipiga na bunduki ya klabu, nikawa wa sita au wa saba, na hakuna aliyeniuliza. Aliyeshinda ni bibi wa Kiflemi. Alikuwa na bunduki ya zamani yenye kitako kilichofungwa plasta, ambayo hakuna mtu aliyewahi kugusa skrubu yake tangu aliponunua. Alipokabidhiwa kikombe alikiangalia ndani kama anayetafuta vumbi, akaenda kuosha masufuria.

Injinia hakuweza kuvumilia siku iishe hivyo. Alisimama mbele ya wageni na bunduki yake mwenyewe, kubwa, nyeusi, ndefu kama mlingoti, akatangaza kwa Kifaransa kwamba sasa wataona kasi ya kweli. Kisha akageukia upande wetu, akasema kwa sauti ya chini ya kujiamini, "Batu babone leo."

Akakaza springi. Akapiga, namba haikumridhisha. Akakaza tena. Namba ileile. Nilimwona mwenyekiti wa wageni akikunja uso. Injinia akakaza mpaka spana ikakataa kwenda, akaweka risasi, akavuta mkono wa kukokia. Ukaja nusu, ukagoma. Alikuwa amebana springi mpaka pete zake zikagusana. Ilikuwa imekwisha kuwa kipande cha chuma kigumu, na nyundo haikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Jambo hilo lilionekana wazi kwa kila aliyewahi kufungua kalamu ya wino ya springi.

"Legeza," mwenyekiti alimwambia kwa Kifaransa. "Usilazimishe, bwana. Elekeza mtutu ukutani na ulegeze."

"Bon, bon, bon," alisema Injinia. "Ni kitu kidogo." Akamwita mume wangu amletee plaizi. Mume wangu akaenda mbio. Nilimwona akirudi nayo ameishika kwa mikono miwili.

Injinia alielekeza mtutu chini ukutani, hilo angalau alilifanya, akabana kitako kati ya mapaja, akashika mkono wa kukokia kwa plaizi, akavuta kwa uzito wake wote. Mkono ukakatika. Ngumi yake, na plaizi ndani yake, ikaruka juu ikampiga mdomoni kwa sauti ambayo ilisikika mpaka jikoni. Alikaa chini taratibu, mdomo wa juu umepasuka, damu ikishuka kwenye fulana ya suti. Wale dada wa Lubumbashi wakapiga mayowe. Bibi wa Kiflemi akaja na taulo la vyombo, akamkandamiza nalo kama anayefuta meza.

Gari lililokuwa karibu ni la yule jirani yetu wa posta. Tulimpeleka Injinia hospitali mimi na mume wangu. Mimi kwa sababu Kifaransa changu cha hospitali kilikuwa kizuri kutokana na magonjwa ya watoto. Nyuma ya gari mume wangu alimshikia taulo, akimwambia, "Pole sana, Injinia. Vyuma vya siku hizi havifai." Injinia alitikisa kichwa kukubali. Vyuma vya siku hizi havikufaa.

Daktari alikuwa binti mdogo, mkono thabiti. Alipoinua sindano ya ganzi, Injinia alimsimamisha kwa kidole. Nikasikia kwa masikio yangu akimwambia, kwa mdomo uliovimba, kwamba akiichoma kwa kasi zaidi mgonjwa hatasikia maumivu, ni fizikia tu, yeye ni mhandisi.

"Bwana," alisema daktari, "ninashona mdomo huohuo unaoongea. Nyamaza."

Nilitoka nje kwenye korido, nikageukia ukuta, nikacheka mpaka nikalia. Mume wangu alinifuata akaniuliza kama nimeshtuka. Nikamwambia ndiyo.

Nilitarajia kwamba siku ile imefundisha kitu. Jumatatu jioni mume wangu alirudi kutoka kazini amechangamka, hata kiatu hakuvua. Alikuwa amepitia kwa jirani, na kwa jirani alimkuta yule mwenyekiti wa Waflemi aliyekuja kuuliza hali ya majeruhi.

"Sikiliza," aliniambia, akikaa kwenye kiti cha jikoni. "Unajua tatizo la bunduki yangu ni nini? Yule mwenyekiti amenieleza. Kumbe kuna kiwango ambacho risasi inakuwa imeshatoka!" Akachora mtutu hewani kwa kidole. "Hapa kuna risasi. Hapa kuna hewa. Ukikaza zaidi, hewa inakwenda bure. Kwa hiyo unalegeza, unaona, unalegeza mpaka namba ianze kushuka kidogo tu, halafu unaacha. Arobaini, arobaini na moja hivi. Mzee yule ana akili!"

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliendelea kukata mpaka nikafika mwisho wa fungu.

"Nilikwambia hayo," nikasema. "Ukiwa umekaa hapo hapo. Na nikaifanya bunduki yako iwe hivyo hivyo, nikakuletea karatasi."

Alifikiri. Namsifu kwa hilo, alifikiri kwa dhati, na niliona usoni mwake kwamba anakumbuka.

"Ni kweli ulisema," alikubali. "Ila wewe ulisema kienyeji."

"Kienyeji ndiyo nini?"

"Yaani… hukulieleza kitaalamu."

Nilimwambia kwamba nimefundisha mambo magumu kuliko hayo kwa watoto waliokuja shuleni bila kunywa chai, wakayaelewa. Nilimwambia kwamba yeye hakusikia kwa sababu hakutaka aliyekuwa akisema awe mimi. Nilimwambia pia, kwa kuwa nilikuwa nimeanza, kwamba siku aliyompelekea Injinia bunduki niliyoitengeneza nilimdharau, na kwamba bado sijamaliza. Sikupandisha sauti. Yeye akainama akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga mlangoni. "Sikujua kwamba ilikuuma hivyo," alisema.

"Unajua sasa."

Hakuomba msamaha jioni ile. Aliomba siku nyingine, vizuri, na nikaupokea, ingawa kwa muda mrefu baadaye alipoanza sentensi na "yule bwana anasema" nilikuwa natoka chumbani. Alijifunza kushtuka katikati ya sentensi. Ni kitu, kwa mwanamume wa umri wake.

Injinia alirudi klabuni baada ya wiki chache na plasta mdomoni. Nilidhani ataona haya. Kwa watu wa aina yake haya ni kama mafua, huwapata watu wengine tu. Tayari alikuwa amesikia habari za kulegeza, na tayari zilikuwa za kwake. "Doucement, polepole," alikuwa akiwafundisha wanachama wapya, spana mkononi. "Batu banapenda vitesse, banaharibu bunduki. Mi nilisemaka tangu mwanzo: doucement." Akawalegezea springi mpaka risasi zikawa zinatoka zikikohoa na kuishia chini ya shabaha. Nao walimshukuru. Foleni ilikuwa ndefu kuliko mwanzo.

Mimi nilikuwa nimenunua bunduki yangu na kuhamia meza ya mwisho, kando ya bibi wa Kiflemi, ambako hakuna aliyezungumza. Alasiri moja Injinia alitufikia huko, akasimama nyuma ya bega langu akisikiliza ninavyopiga, akasonya.

"Maman," alisema kwa upole mkubwa, "ressort yako iko mukali sana. Leta nikulegezee kidogo."

"Papa," nikamjibu bila kugeuka, "ukiigusa hii bunduki nitakurudisha kwa yule daktari."

Bibi hakuelewa Kiswahili, lakini aliacha kuweka risasi, akamtazama Injinia kuanzia kwenye viatu hadi kwenye plasta. Injinia alisema bon, bon, akarekebisha fulana yake, akaenda meza ya jirani, ambako mwanachama mpya, kijana wa Nairobi aliyekuja kusoma sheria, alikuwa ameshaanza kumpisha.